Kati ya Arobaini na Moja na Arobaini na Mbili

Mtaani wananiita Kavu, kwa sababu maneno yangu hayana mchuzi. Sikwenda shule ya ufundi. Nilijifunza kwa kuharibu vya kwangu kwanza, na mtu akinikosoa bila kushika spana namfukuza hapo hapo. Nasema hivi ujue anayekusimulia ni nani. Haya yalitokea nyumbani kwa dada yangu, saa nane mchana, jua likiwaka. Usinitafutie giza humu.

Dada ana gari la zamani, kubwa, rangi ya maziwa, gia zake otomatiki. Lilikuwa la mumewe, shemeji yangu, aliyelipenda kuliko meno yake. Breki ya mkono ilikufa zamani, kwa hiyo alitegemea P, ile gia ya kuegesha inayofunga magurudumu. Kila alipoiweka aligonga mkono wa gia mara mbili kwa pete yake, ko, ko, akaliambia gari, "Lala." Tulikuwa tunamcheka.

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi, alilitoa gari gerejini, akalisimamisha mtelemkoni, akashuka kufungua geti. Gari likamfuata. Likambana kwenye geti lake mwenyewe.

Watu wakasema alisahau kuweka P. Dada aliamini, tena akajitwisha mzigo wote. Asubuhi ile walikuwa wamegombana kwa sababu ya pazia, pazia tu, na neno la mwisho alilomwambia lilikuwa, "Nenda, nipumzike."

Gari likakaa gerejini likivuja oili, gia zimekataa. Mwaka huu dada akaniita.

"Mdogo wangu, lifungue lote. Nataka kujua kitu kimoja. Alisahau, au hakusahau? Kama alisahau, ni mimi niliyemuua."

"Dada, gari halisemi."

"Wewe lifungue. Si wewe ndiye usiyedanganya?"

Jumatatu nikaanza. Nikalipandisha gari juu ya stendi, nikalishusha giaboksi kwa jeki, nikaliweka kwenye meza ya zamani ya kulia chakula ambayo dada aliitupia gerejini. Nikatandika shuka. Kila kipande nilichotoa nilikilaza na kuandika namba yake pembeni, kwenye shuka, kwa kalamu nene, ili wakati wa kurudisha nianzie nyuma: cha mwisho kutoka, cha kwanza kuingia. Sahani za klachi zilikuwa nyembamba kama biskuti, zimeungua. Oili ilitoka nyeusi kama kahawa.

Jirani wa dada ni fundi cherehani, na dirisha lake linatazama gerejini. Akapaza sauti, "Kavu! Safari hii nati zikibaki unigawie, nina mashati hayana vifungo!"

"Shona suruali za watu, niache!"

Nilimfokea kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Mikono yangu ilikuwa imefika namba arobaini na moja.

Arobaini na moja ni gurudumu la meno. Arobaini na mbili ni ulimi wa chuma. Ukiweka P, ulimi unaingia kwenye meno na gari halisogei. Kati yao hukaa springi ndogo, nusu ya kidole cha mwisho, inayousukuma ulimi uingie; bila hiyo ulimi hushika leo, kesho ukateleza. Haikuwepo. Sikushangaa. Nilijua iliko.

Miezi minane kabla ya ajali, giaboksi lile nililifungua mimi, nibadilishe sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje. Wakati ule sikuandika namba. Nilitandika magazeti chini, nikijiona bingwa. Nilipomaliza kufunga, springi moja ikabaki mkononi. Nikaweka P, nikalisukuma gari kwa bega, likakaa. Nikasema ingekuwa ya maana gari lingekataa. Nikaitia kwenye kopo langu la nati za kubaki, nyumbani kwangu. Siku ya mazishi, kabla kaburi halijajaa udongo, nilijua. Nikanyamaza. Miaka mitatu. Mimi, Kavu.

Jumanne nilikwenda kunawa mikono nile. Niliporudi, kati ya arobaini na moja na arobaini na mbili kulikuwa na springi.

Nusu ya kidole cha mwisho. Imelowa oili nyekundu, mbichi, kama ya gia inayotoka dukani, na gerejini hakukuwa na oili nyekundu hata tone.

Nikajiambia pengine niliibeba mfukoni bila kujua. Nikaitupa kwenye mtaro, nikasikia inavyozama.

Jumatano ilikuwa pale pale. Chini yake, kwenye shuka, duara la oili. Safari hii niliitupa mbali, juu ya paa la jirani. Akatoa kichwa dirishani.

"Kavu, unagonga nini kutwa nzima? Ko, ko, ko, ko. Unanipotezea vipimo."

"Sijagonga kitu."

"Basi mwambie mwenzako."

Gerejini nilikuwa peke yangu. Shingo yangu ilikataa kugeuka lilipo gari.

Alhamisi, saa nane, dada alikuja na chai. Mkono mmoja kikombe, mkono mwingine kisahani. Kwenye kisahani kulikuwa na springi.

"Nilitoa koti la marehemu kabatini nilianike," akasema. "Halijavaliwa tangu siku ile. Mfukoni kuna oili, mbichi. Na hii. Ni ya nini?"

Nilifungua mdomo. Ukweli ulikuwa hapo, juu ya ulimi. Nikaumeza.

"Takataka tu, dada. Itupe."

Ko, ko.

Ndani ya gari.

Milango imefungwa. Vioo viko juu. Giaboksi liko mezani, vipande sitini na nne. Mkono wa gia haujashikana na kitu.

Tuliutazama wote wawili. Ukasogea. Polepole, kama unasukumwa na mtu asiye na haraka. Ukapita N. Ukapita R. Ukafika P. Ukatulia.

Ko, ko.

Dada alikiweka kikombe sakafuni. Akanong'ona, "Lala."

"Dada," nikasema. "Hakusahau."

"Unajuaje?"

"Hiyo uliyoshika. Niliiacha nje mimi, nilipobadilisha sili. Aliweka P. Haikushika."

"Aliweka."

"Aliweka, dada."

"Na wewe ulijua."

"Tangu mazishi."

Nilisubiri anipige. Ningeshukuru. Alisogea mezani, akaishika springi kwa vidole viwili, akailaza kati ya arobaini na moja na arobaini na mbili. Sikuwa nimemwonyesha mahali pake.

"Irudishe," akanong'ona bila kunitazama. "Ukimaliza, usikanyage hapa mpaka nikuite."

Ijumaa na Jumamosi nilifunga. Sahani mpya, sili mpya, oili mpya, na springi ile. Nikalipeleka gari mtelemkoni, nikaweka P, nikalisukuma kwa bega mpaka mfupa ukalia. Lilikaa kama limeota mizizi. Dada alipokea ufunguo, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikaenda kwangu. Baada ya wiki moja, kitu ambacho siku zote hizo sikuthubutu kukifanya, nikakifanya: nikashusha kopo la nati, nikalimwaga sakafuni.

Ilikuwemo. Imekauka, ina kutu, kipande cha gazeti kimeigandia. Gazeti lile la kwangu. Springi niliyoiacha nje haijawahi kutoka kwenye kopo.

Sasa niambie. Ile iliyo ndani ya gari la dada ni nini?

Safari hii sikunyamaza. Kwa kuwa nimekatazwa kufika, nilimpigia simu fundi cherehani, nikamweleza kavukavu, nikamwomba amfikishie dada: hiyo springi siijui, asiliamini gari, asishuke mtelemkoni. Jioni alikuja kwangu mwenyewe, bila utani hata mmoja, amebeba furushi.

"Dada yako anasema nikwambie hivi: springi haijui hata yeye, ila anayelishika gari anamjua. Kila asubuhi anaweka P, anasikia anachosikia, anashuka, anafungua geti akiwa ameligeuzia gari mgongo."

"Nawe umesikia?"

"Dirisha langu siku hizi nalifunga," akasema, akaondoka.

Ndani ya furushi kulikuwa na shuka langu. Dada amelifua, namba zote zimetoka, limekuwa jeupe kabisa isipokuwa mahali pamoja, duara dogo jekundu. Nimelianika kambani, jua kali, siku tisa sasa.

Leo nimeligusa. Kidole kimetoka na oili.