Wageni wa Kisimani

Mchungaji aliteremka kisimani taratibu, kabeba mifugo yake tumboni. Alikuwa roboti mwembamba kama mchi, na mifugo yenyewe ilikuwa bakteria walasumu, wadogo wasioonekana kwa macho. Kazi yao ilikuwa kuvunjavunja viyeyusho, zile kemikali za kuoshea vyuma ambazo kiwanda kimoja, kilichofungwa zamani, kilizimwaga ardhini mpaka zikayafikia maji.

Mhandisi Siwatu alitazama tena vipimo vya maji. Visima vyote vya Tanga Mpya vilikuwa vimepona. Hiki tu, cha nyumbani kwao, kila akipeleka walasumu wanakufa.

"Mama, kuna mtu anatia kitu humu?"

Bi Mwantumu, aliyeketi barazani, alijifunga khanga upya. "Mimi. Kila Ijumaa natia dawa ya maji. Si ulisema umeweka wadudu, mwanangu? Nikaogopa."

Siwatu alitaka kucheka, akashindwa. Dawa inayoua vijidudu vya kipindupindu haichagui. Ilikuwa imewamaliza na walasumu wake.

Alipomweleza, mama yake alikigeukia kisima.

"Baba yako alikichimba kwa mikono yake," alisema. "Nami nikamnywesha maji haya mpaka figo zikamwisha, nikidhani namtunza. Safari hii niliapa sitazubaa. Nilitaka ndoo ya kwanza safi nikammwagie kaburini mwenyewe. Tukianza upya, itachukua muda gani?"

Siwatu alijua daktari alichosema kuhusu moyo wa mama yake. Alitamani kudanganya.

"Mwaka, mama. Labda na zaidi."

Bi Mwantumu aliitikia kwa kichwa. "Na hao wadudu wako wanakula nini?"

"Tunawapa molasi. Wakipata utamu ndipo wanapata nguvu ya kuivunja sumu."

"Kumbe ni wageni! Nami nimewapokea hivyo!"

Aliingia ndani, akatoka na bakuli la sukari guru iliyokorogwa kwa maji.

"Si maji ya bomba hayo, mama? Nayo yana dawa."

"Ya mvua. Nimeshakoma."

Siwatu alicheka, machozi yakamtoka. Alimpandisha Mchungaji hadi ukingoni, akamfungulia mdomo wa kulishia, kisha akamshika mama yake kiuno asije akateleza. Bi Mwantumu alimimina polepole, akainama juu ya kisima.

"Kuleni, wanangu, mshibe," aliwaambia. "Ila msichelewe sana. Na mimi huku nitajikaza."