Kafi la Nambela

Odilia alikanyaga maji sebuleni saa sita mchana, mwezi wa tisa, wakati hata kuku wa Kibaoni walikuwa wanatembea midomo wazi. Alidhani ndoo imemwagika. Akadeki, akatoka nje kugeuza samaki wake juani, akarudi, akayakuta pale pale chini ya kiti cha mumewe, yananuka tope na kambale. Akatazama juu, dari kavu. Akapapasa sakafu, saruji nzima, haina hata ufa. Akasonya, akadeki tena.

Jioni alimweleza mumewe, Salvatory akacheka. Siku hizo alikuwa anacheka kwa kila kitu, maana Jumamosi mnara wa kumbukumbu ya babu wa baba yake ulikuwa unazinduliwa kule Katindiuka. Hadithi ya mzee huyo, Likunga, ilikuwa inajulikana na kila mtoto wa mtaa. Wakati wa vita vya Maji Maji, askari wa Wajerumani walipokuwa wanachoma vijiji na maghala ya chakula, yeye peke yake alipiga kafi akavusha watu arobaini Mto Kilombero kwa mtumbwi mmoja. Hakuna kitabu kilichomtaja, na Salvatory alikuwa ameapa kwamba safari hii atatajwa. Alizunguka ofisi moja baada ya nyingine mpaka soli zikaisha. Ukoo mzima ulimpenda kwa hilo, na yeye mwenyewe alijipenda zaidi kidogo.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Odilia alisikia mlio chumbani. Ko. Ko. Kisha kimya, kama mtu anavuta pumzi, halafu ko tena. Alizaliwa Michenga kwenye mafuriko, na mlio wa kafi likigonga ubavu wa mtumbwi asingeweza kuusahau. Alifungua mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama alivyokiacha, lakini upande wa mumewe shuka lilikuwa limelowa chapachapa, na juu ya mto kulikuwa na jani moja la gugumaji, bichi.

Siku ya tatu Salvatory akaanza kukohoa. Walikuwa mezani, mama yake, Brigitha, akiwa kati yao na rozari yake mkononi kama kawaida. Salvatory alimeza tonge la wali, akakohoa mara moja, akakohoa tena, na kilichomtoka si wali. Yalikuwa maji ya kahawia, glasi nzima, yakatapakaa sahani hadi sahani.

Hospitalini walimpiga picha ya kifua, mapafu safi. Walimpa dawa ya mafua, akarudi nyumbani, akatapika maji tena mlangoni. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nyumba imeingiliwa na jini. Odilia hakungoja wamalize. Alipanda bodaboda hadi Michenga, akamleta Marcelino, mganga aliyewahi kumtibu mama yake.

Marcelino hakufungua mkoba. Alikaa kwenye kigoda, akanusa, akayatazama maji chini ya kiti.

"Mlitambika lini?" aliuliza.

"Wiki tatu sasa, mzee," alisema Salvatory kwa sauti iliyokwaruza. "Kuomba baraka ya mnara. Nilimwaga unga na maji pale ukingoni mwa mto, kama tulivyofundishwa."

"Ukasemaje? Sema neno kwa neno."

"Nilisema, babu Likunga, wewe uliyevusha watu arobaini, njoo nyumbani kwangu, ukae na sisi."

Marcelino alitikisa kichwa taratibu. "Mfu haitikii jina, mwanangu. Majina tunarithishana, wako Likunga wangapi humu Ifakara? Mfu anaitikia kazi yake. Umemwita aliyevusha watu arobaini, na aliyevusha watu arobaini amekuja."

"Basi ni babu."

"Muulize mama yako. Tangu nianze kuuliza hajainua macho."

Rozari ya Brigitha ilisimama. Odilia alimwona mama mkwe wake akitazama dirishani, kama mtu anayehakikisha hakuna wa kusikia. Alipoanza kusema, aliongea chini chini sana hata ikabidi wainamishe vichwa.

"Mama mkwe wangu aliniambia nilipoolewa. Akaniapisha nisiseme. Alikuwa mwanamke, anaitwa Nambela, mvuvi, hakuwa hata wa ukoo huu. Yeye ndiye aliyevusha. Likunga alikuwa anamshikia kamba ya mtumbwi. Askari walipofika wakamuuliza Likunga, akamwonyesha kwa kidole. Wakamlipa blanketi. Nambela wakamfunga kwenye mtumbwi wake mwenyewe, wakautoboa, wakausukuma mtoni mchana kweupe. Vita vilipokwisha, Likunga akaanza kusema ni yeye aliyevusha. Nani angembishia?"

"Mama! Umenyamaza miaka yote hii?" Odilia alisema.

"Nimeheshimiwa miaka yote hii," Brigitha alijibu. "Na wewe pia."

Salvatory alimshika Marcelino mkono. "Mfukuze, mzee. Tafadhali."

"Jini ningemfukuza, jini ni mgeni wa kujiingiza. Huyu umemkaribisha mwenyewe. Atakuzamisha alivyozamishwa, na hana haraka." Marcelino alinyoosha vidole vitatu. "Jumamosi, mbele ya watu wote, utasema mambo matatu. Jina lake. Kazi yake. Na nani alimuuza. Usipunguze hata moja."

Jumamosi watu walijaa Katindiuka mpaka turubai halikutosha. Salvatory alipanda jukwaani kwa suti, amekonda, leso mdomoni, na Odilia akasimama nyuma yake akisali asiyumbe. Na kweli hakuyumba. Alitamka jina la Nambela, akasimulia kafi na mtumbwi na watu arobaini, na kadiri alivyosimulia ndivyo sauti yake ilivyosafika, kikohozi kikakoma, wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakafuta machozi. Odilia alimpenda sana mumewe dakika ile.

Kisha Salvatory akatabasamu. Odilia alilijua lile tabasamu.

"Na leo nawaambia siri ya ukoo wetu," alisema Salvatory. "Shujaa huyo, Nambela, alikuwa mke wa babu yetu Likunga. Ni bibi yetu sisi!"

Makofi yalilipuka. Yalikuwa bado yanalia Salvatory alipofungua mdomo kuendelea, na badala ya neno yakatoka maji, maji mengi ya kahawia yenye majani na vidagaa vilivyo hai vikirukaruka kwenye tai yake, akapiga magoti, akaanguka kifudifudi juu ya mbao kavu za jukwaa, akitapatapa kwa mikono kama anayetafuta ukingo wa mto, na kupitia spika kubwa zilizofungwa kwenye nguzo, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimeanguka karibu na kichwa chake, umati mzima ukasikia, juu ya mikoromo yake, ko, kisha ko, karibu zaidi, kisha ko.

Odilia alikinyakua kipaza sauti. Alijua anachokivunja. Aliwaona wifi zake mstari wa mbele, alimwona paroko, aliwaona wote waliowahi kumpisha kiti kwa sababu ya ukoo alioolewa.

"Hakuwa mke wake!" alipiga kelele. "Likunga alimuuza! Alimwonyesha kwa askari, wakamzamisha, akapewa blanketi, kisha akaiba na sifa yake! Mume wangu anajua. Sote tunajua!"

Mlio ukakata. Maji yakakoma kama bomba lililofungwa. Odilia alipiga magoti, akaweka kiganja mgongoni mwa mumewe, akasikia pumzi moja nyembamba ikiingia, kisha ya pili, pana zaidi. Yu hai. Alianza kulia kwa sauti bila aibu yoyote.

Hakumwona Brigitha akipanda. Alihisi tu kipaza sauti kikitolewa mkononi mwake, kwa upole, kama mtu anavyompokonya mtoto kisu.

"Mama, usiseme," Odilia alinong'ona. "Mama, nakusihi, huyu ni mwanao."

Brigitha alinyoosha kitenge chake. Hakutazama chini.

"Ndugu zangu, mtusamehe," alisema kwa sauti yake nzuri ya kusomea masomo kanisani. "Mkwe wangu amechanganyikiwa kwa hofu. Katika ukoo huu hakuna mtu aliyewahi kuuza mtu."

Na chini ya kiganja cha Odilia, polepole, mgongo wa Salvatory ukaanza kujaa maji.