Kamba Kavu ya Jabali la Kagoma

Mambo yetu yaliharibika Jumanne, tarehe mbili Juni, mwaka 1953, siku Malkia wa Waingereza alipovikwa taji huko kwao. Asubuhi ile ilikuwa shwari. Mke wangu Joviana alikaa mlangoni akimenya ndizi, na umande ulikuwa bado haujakauka kibanjani, kwenye migomba yetu. Nikaona haangalii kisu. Anaangalia juu, kwenye jabali.

"Utajikata," nikamwambia.

"Waitu," akaniita kwa neno letu la heshima, "leo nitafika kileleni. Nitaiona Kishanda."

Kishanda ndiko alikozaliwa na ndiko mama yake alikozikwa. Kwa miguu tulikuwa tukienda, lakini yeye alitaka kukiona kilima cha kwao chote kwa mara moja, kama ndege anavyokiona. Hamu hiyo aliipata kwa Mzungu mmoja mpima ardhi, aliyekuja kusimika mlingoti wake juu ya jabali letu. Joviana alikuwa akimpelekea maji. Akaanza kutazama, halafu akaomba kujaribu.

Mzungu yule alimfundisha yeye pamoja na jirani yetu Nathanieli. Aliwaambia: una mikono miwili na miguu miwili; kimoja kikihama, vitatu vikae. Jiwe ulilishike, ulitikise kwanza, ndipo uliamini. Aliwafundisha kushuka kwa kamba kabla ya kupanda. Nami nilisimama chini, jasho likinitoka kana kwamba ninayepanda ni mimi.

Wanawake kisimani walimcheka. "Joviana, utaota mkia!"

"Ukiota nitafungia kuni," akawajibu, nao wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Alifika nusu ya jabali, akataka kuendelea. Mzungu akakataa. "Bado wewe ni mwanafunzi. Kilele ni mwakani." Kisha akahamishwa Biharamulo, akaondoka na kamba yake ya katani. Masomo yakaishia hapo.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu, jinsi wakubwa wanavyofanya. Mwami wetu, Rwegasira, mkuu wa gombolola yetu, alipata habari kwamba Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, atakuja kwetu kusherehekea taji hilo. Akatamani bendera ipepee juu ya jabali, ili gombolola nyingine zote wilayani zimwonee wivu. Akasokotesha kamba ya migomba ya kushukia, ndefu na nene. Ikawekwa juu ya meko ya jikoni kwake, katika moshi, wadudu wasiile. Sisi Wahaya ndivyo tunavyotunza kamba za kuezekea nyumba. Lakini hata mtoto wa hapa anajua: kamba ya namna hiyo huchovywa majini kwanza. Ikiwa kavu inakatika kama jani.

Siku yenyewe ilipofika, Mwami akamwita Nathanieli apande. Nathanieli aliishika kamba akaisikia inalia. "Waitu Mwami, nipe nafasi niichovye mtoni."

"Mgeni akae juani akingojea kamba yako ioge?" Mwami akasema, na watu wake wakacheka. "Kama unaogopa, kavae gauni."

"Nitavaa, Waitu. Lakini sipandi."

Hapo Joviana akasimama. Nikamshika mkono. "Mke wangu, mwalimu wako alikwambia mwakani."

"Mwakani nani atanifundisha?" akaniuliza. Nikamwachia mkono. Macho yake yalikuwa kama ya mtu mwenye kiu aliyeonyeshwa mto.

Mwami akafurahi. "Mwanamke! Vizuri zaidi. Bwana Shauri hajapata kuona jambo hili."

Joviana akapanda, bendera imefungwa tumboni, kamba begani. Alipanda vizuri, ndugu zangu. Kimoja kinahama, vitatu vinakaa. Ngoma zilipigwa, watu wakashangilia, nami nikasahau kuogopa. Alifika. Akafunga bendera kwenye mlingoti. Kisha akatugeuzia mgongo sisi sote, Mwami na mgeni wake, akasimama akitazama kwao. Alisimama muda mrefu sana.

Mwami akaanza kumpungia mkono ashuke, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari. Nathanieli akapiga kelele, "Kaa hapo hapo! Nakuja na maji!" Ngoma zilimmeza. Joviana akaifunga kamba mlingotini, akajining'iniza kama alivyofundishwa.

Ilikatika.

Nilimfikia kwanza mimi. Uso wake haukuwa na jeraha. Nilimfunika kwa shuka yangu, nikabaki nimeketi naye kwenye nyasi. Bendera ilikuwa ikipepea.

Baadaye baraza lilikaa. Mwami akasema mwanamke alikuwa mkaidi, alijipandia mwenyewe. Wazee wakaitikia. Mimi sikusoma zaidi ya katekisimu, nani anisikilize? Mpaka leo, jioni kukiwa kweupe, mimi hutoka nje nikatazama juu. Jikoni pamepoa. Namtamani mke wangu.

FUNZO

Anayeanza kupanda mlima asimtangulie mwalimu wake, hata moyo ukimwita namna gani. Na kamba ijaribiwe chini kabla ya kuaminiwa juu. Hilo ni la vijana. La wakubwa ni hili: ukitaka sifa, panda mwenyewe. Usiitafute sifa kwa shingo ya mke wa mtu, kisha ukakimbilia barazani kumwita mkaidi.

Lakini liko jambo moja linalonikosesha usingizi. Joviana alipoanguka, wapiga ngoma walimwona. Mmoja wao aliniambia hivyo. Mikono yao ikasita. Ndipo likaja neno kutoka kwenye viti vya wakubwa: pigeni, msinyamaze. Zikapigwa mpaka mgeni akamaliza kula. Nimemwuliza Mwami, nimewauliza wazee wake, na leo nawauliza ninyi mliokuwapo: nani alisema ngoma ziendelee?