Taa ya Kitanda cha Wenceslas

Watu wa Murara, hapa Goma, waliokuwa watu wazima miaka ile ya hamsini wanamkumbuka Zéphirin, Mnande wa Butembo, fundi wa umeme wa magari. Yaliyompata si habari za mbali. Nyumba yalikoishia ilikuwa mtaani kwetu.

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine. Mvua ilikuwa imekatika, vumbi jeusi la volkeno limelala, na karakana imefunguliwa mapema. Bwana Florent, Mzungu mpima barabara, akaingiza gari lake: lori lililojengewa chumba cha mbao mgongoni, chenye kitanda, jiko na taa ndogo za betri.

"Betri zinakufa kila siku," alisema. "Chaja ni mupya. Tafuta ugonjwa."

Zéphirin aliinamisha kichwa. Gari hilo alilijua. Dereva wake alikuwa Wenceslas, mdogo wake, aliyefia humo karibu na Kibumba. Homa ilimwangusha njiani, betri zikaisha, na Bwana Florent akaenda kwa miguu kutafuta msaada. Aliporudi na watu wenye taa za mafuta walimkuta amekauka gizani, macho wazi.

Lakini kazi ni kazi. Akaanza na chaja. Mshale wa kipimo chake ukapanda vizuri. Akasafisha vichwa vya betri, akaongeza maji, akazichaji. Mezani zilishika chaji. Zikirudishwa garini, zinakauka. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye nyaya.

Akazima swichi zote, akafungua waya mmoja wa betri, akaweka taa ya kupimia katikati. Ikawaka. Kuna kitu kilikuwa kinakula umeme. Akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye ile ya taa ya kitandani, taa ya kupimia ikazima.

Akabandua ubao, akaufuata waya kwa vidole. Haukuwa umechubuka popote. Akaitoa balbu, akaitia mfukoni mwa shati, kisha akarudisha fyuzi.

Taa ya kupimia ikawaka tena.

Akaukata waya.

Kifuani akahisi joto. Akatazama. Balbu ilikuwa inawaka mfukoni.

"Yaya," sauti ikanong'ona kutoka kitandani. Hivyo ndivyo Wenceslas alivyomwita kaka yake tangu utoto. "Yaya, huku ni giza. Usizime."

Hakukuwa na mtu. Godoro tu, limebonyea kama limelaliwa.

Akaunga waya, akarudisha balbu. Taa ikawaka. Kitandani mtu akashusha pumzi.

Zéphirin akatuma aitwe Wivine, mjane wa Wenceslas. Alipofika, akasimama mlangoni mwa gari, mkono mdomoni.

"Shemeji, ni yeye?"

"Ni yeye. Nifanye nini, mama? Betri itaisha tu."

Wivine akapanda, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Baba Kahindo," akamnong'oneza mumewe kwa jina la mtoto wao, "muachie muzungu gari yake. Twende kwetu."

Taa ikazima yenyewe. Godoro likainuka polepole.

Tangu hapo betri hazikufa tena. Bwana Florent alishukuru, akashika njia ya Bukavu.

Jumapili, baada ya misa, Wivine alikuja kumvuta Zéphirin kwa mkono. Nyumba ya Wivine haikuwa na umeme hata kidogo. Lakini ukutani palikuwa na mstari mweusi, kama waya ulioungua ndani ya udongo, kutoka mlangoni hadi juu ya kitanda. Zéphirin akaugusa. Ulikuwa na joto. Akaweka taa ya kupimia. Ikawaka, nyekundu, hafifu.

"Yaya," ukuta ukanong'ona. "Inafifia."

Achaji nini? Hakuna betri. Hakuna waya wa kuunga. Akaangusha vyombo vyake, akabana ukuta kwa viganja viwili kana kwamba joto la mwili wake lingetosha.

"Yaya."

Mstari ukaanza kupoa, toka mlangoni.

"Yaya. Yaya."

Kisha kimya. Zéphirin akabaki ameegemea ukuta, analia kama mtoto.

Wivine alirudi Butembo. Mwenye nyumba alipaka chokaa, akapangisha. Wapangaji wote walihama wakisema jambo moja: ukijaza taa ya mafuta na kuiacha karibu na ukuta ule bila kuiwasha, asubuhi utaikuta kavu, na utambi wake mweupe, haujaguswa na moto.