Pipa Lenye Mkono Mwekundu

Wewe unayesoma hapa umewahi kumwona mtu akichomelea pipa lililokuwa na petroli, ukapita zako. Usikatae. Ulikwepa cheche, ukasema moyoni kwamba yule ni fundi na kazi yake anaijua. Mtoto aliyeliosha lile pipa hukumtazama hata kidogo. Basi leo utamtazama. Anaitwa Jucilene, nyumbani wanamwita Juci, ana miaka kumi na miwili, na anaishi Santa Filomena, kijiji cha ukingoni mwa mto Madeira, Brazili.

Kila asubuhi Juci alikunywa kahawa yake, akala unga wa muhogo na kipande cha samaki kilichobaki jana, kisha akashuka mtoni na ndoo mbili. Wakati wa mvua kazi hiyo ni mchezo, maana maji hufika karibu na ngazi za nyumba. Lakini kiangazi mto hukimbia. Hushuka chini kabisa na kuacha ukingo mrefu wa udongo, unaoteleza asubuhi na kubomoka mchana, na mwenye ndoo hupanda akihema kama mbwa aliyefukuza nguruwe. Kiangazi hicho Juci alikuwa akipandisha maji kwa ajili ya mapipa.

Kaka yake, Valdecir, alikuwa anaunda chelezo. Samaki walikuwa wamepungua mwaka baada ya mwaka, baba yao alikwishafariki, na mama yao, Mama Osmarina, alikuwa ametoa mtumbwi mkubwa wa marehemu ili wapate mashine ya kunyonya mchanga wa dhahabu kutoka chini ya mto. Mashine haielei yenyewe. Inataka maboya, na maboya ya watu wasio na kitu ni mapipa ya chuma yaliyoishiwa petroli, yaliyozibwa midomo na kushikizwa kwa vyuma pande mbili za jukwaa la mbao. Waliyapata kwa Bwana Otacílio, mchuuzi mwenye mashua anayepita kijiji hadi kijiji. Aliyateremsha yakiwa bado yananuka. "Mapipa mazuri haya, hayana kutu," alisema. Kuhusu harufu hakusema neno, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemuuliza. Hilo nalo lisisahaulike.

Valdecir aliijua hatari. Petroli ikiisha ndani ya pipa, mvuke wake haujaisha. Unabaki humo ukingoja cheche. Kwa hiyo watu wa mto wana desturi yao: pipa huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha hujazwa maji hadi karibu na mdomo, mdomo ukaachwa wazi, ndipo mchomeleaji hulisogelea. Aliyejaza huchovya kiganja katika mbegu nyekundu za mzingefuri zilizopondwa na kukipiga ubavuni mwa pipa. Mkono mwekundu maana yake ni moja: hili limejaa, choma. Jenereta ya kuchomelea haikuweza kushushwa kwenye ukingo ule unaobomoka, kwa hiyo maji ndiyo yaliyopandishwa, ndoo kwa ndoo.

"Nikishaona alama yako, sigongi wala sichungulii," Valdecir alimwambia dada yake. "Najua ulivyo mkaidi. Punda mwenyewe akikuona anakuamkia."

"Punda ni wewe," Juci akamjibu. "Mimi napanda na kushuka, wewe umekaa kivulini unacheza na moto."

"Kivulini? Hebu vaa hii ngao ya uso kidogo, halafu uniambie kivuli kinafananaje."

Jumamosi ilipofika, mapipa mawili tu yalikuwa hayajaguswa, yale ya mwisho wa mstari. Siku hiyo hiyo wasichana wa ng'ambo ya mto walikuwa wanakuja kucheza mpira kwenye ule mchanga mweupe ambao mto huuacha wazi wakati wa kiangazi. Juci alikuwa golikipa. Mama alikuwa amesema waziwazi: mapipa kwanza, mpira baadaye.

Alikuwa amemimina ndoo chache katika kila pipa aliposikia sauti ya rafiki yake Keliane kutoka chini.

"We golikipa, wageni wameshafika. Au tumweke bibi yako golini?"

"Nakuja. Yamebaki mawili."

"Mapipa hayana miguu. Utayakuta palepale jioni."

Juci aliutazama ukingo, akaitazama mikono yake iliyokatwa na vishikio vya ndoo. Alijiambia kwamba kaka yake bado alikuwa mwanzoni mwa mstari, kwamba asingefika mwisho siku hiyo, kwamba jioni yeye mwenyewe angeyajaza na hakuna ambaye angejua. Akachovya kiganja. Akalipiga pipa la kwanza, akalipiga la pili.

"Umemaliza?" Valdecir aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Kwani alama huzioni?"

"Haya, nenda. Ukifungwa usije kunililia hapa."

Mchezo ulikuwa mkali. Juci alikuwa amekwishaokoa mpira mmoja wa hatari mlio mzito uliposikika kutoka juu. "Ukingo umeanguka," mtu akasema, na wote wakakubali, maana kiangazi vipande vikubwa vya ukingo huporomoka mtoni kwa kishindo cha mzinga. Juci naye aligeuka kidogo, akarudi golini. Alidaka mpira mwingine, wenzake wakampigia makofi. Kisha akaona moshi. Ukingo ukianguka hutoa vumbi. Hautoi moshi mweusi.

Alipofika juu, Valdecir alikuwa amelala chali mbali na pale alipokuwa akifanyia kazi. Pipa lilikuwa limefunguka kama ua la bati, na kipande chake kilikuwa kimempiga kifuani. Alikuwa anapumua. Juci alipoondoka, aliyaruka mapipa ya katikati, akaanza na yale ya mwisho yaliyokuwa karibu na jenereta, ili amalize mapema, amwahi dada yake akicheza.

Kijiji kilikuwa na boti ya wagonjwa. Nasema ilikuwapo, imepakwa rangi nyeupe na msalaba mwekundu, imefungwa kwenye gati kila mtu aione. Tangi lake lilikuwa kavu. Kando yake ilikuwa imetia nanga mashua ya Bwana Otacílio, imejaa petroli mpaka inalala ubavu. Mama Osmarina alishuka pekupeku.

"Bwana Otacílio, mwanangu anakufa."

"Pole sana, mama. Lakini mafuta haya yana wenyewe. Watu wa machimboni wananisubiri."

Mafuta ya kuchimbia dhahabu yalikuwapo. Ya kumbebea aliyeumia katika kuisaka hayakuwapo. Majirani walikwenda nyumba kwa nyumba wakimimina vikombe kutoka katika injini zao ndogo, na tangi lilipopata cha kutosha, jua lilikuwa limekwishainama. Valdecir alikata roho kabla hawajaona paa za mji wenye hospitali. Maneno yake ya mwisho, kama mama yake alivyoyaleta nyumbani, yalikuwa haya: "Mwambieni Juci asiyakaribie mapipa."

Basi hakuruhusiwa kuyakaribia. Kila alipochukua ndoo, mama yake alimnyang'anya kwa upole. Pipa la pili lilibaki limesimama mwishoni mwa mstari na mkono wake mwekundu ubavuni, na Juci hakuweza kulijaza wala kulisahau.

Siku ya saba watu walikuja nyumbani kwa sala. Juci alipitisha kahawa. Jirani mmoja, Abdias, aliegemea nguzo ya mlango na kumnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kunong'ona inayosikika na wote.

"Fundi mzima hakujua pipa tupu? Hiyo ni pombe, ndugu yangu."

"Marehemu hakuwa mnywaji."

"Mnywaji wa siri ndiye mbaya zaidi."

Mama Osmarina aliyasikia. Aliinamisha kichwa. Juci alisimama na sinia mkononi. Neno moja lingemsafisha kaka yake. Alimpa Abdias kikombe, akaendelea kugawa kahawa. Aliyekufa hawezi kujitetea, na aliye hai alikuwa akiogopa.

Kesho yake akaja Mjomba Josias, kaka wa mama, kumalizia kazi. Mtumbwi ulikwishatoka, mashine ilikwishaingia, na nyumba haikuwa na njia nyingine ya kula. Aliwasha jenereta. Akachomelea mapipa yaliyokuwa yamebaki katikati, akafika lile la mwisho. Akaona mkono mwekundu, akaugusa kwa vidole, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mkono wako huu, Juci," alisema. "Kazi nzuri uliifanya. Kama angekuwa makini kama wewe, tungekuwa naye."

Akashusha ngao usoni.

"Mjomba, usichome."

Jenereta ilimeza sauti yake. Juci akakimbia, akashika waya wa kuchomelea kwa mikono miwili na kuuvuta. Mjomba Josias akapandisha ngao kwa hasira.

"Una wazimu? Unataka umeme ukuue?"

"Halina maji. Nililipiga alama bila kulijaza. Na lile jingine pia." Akavuta pumzi. "Valdecir hakunywa. Aliniuliza kama nimejaza yote, nikamwambia yote. Nilitaka kwenda kwenye mpira."

Mtu akazima jenereta. Mama Osmarina, aliyekuwa akianika nguo, alikuja polepole. Hakumtazama binti yake. Aliweka kiganja juu ya pipa na kulisukuma. Pipa lililojaa maji huwashinda wanaume wawili. Lile lilianguka kwa mkono mmoja wa mwanamke aliyekonda kwa kilio, likatoa mlio wa kitu kitupu, na maji kidogo yenye harufu ya petroli yakamwagika miguuni pake.

Akaketi palepale kwenye tope. Mjomba Josias alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa hajui kwamba amekipoteza.

"Nipige, mama," Juci alisema.

"Nikikupiga utadhani umelipa." Mama alimvuta, akamketisha kando yake. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sikiliza, mwanangu. Uongo wako ulimchukua kaka yako. Siwezi kukwambia vingine, maana nami nitakuwa mwongo. Ukweli wako leo umemwacha hai mjomba wako, na umemrudishia kaka yako jina lake. Utaishi na yote mawili, na mimi nitaishi nayo pamoja nawe. Hutayabeba peke yako."

Mjomba Josias alivua ngao, akaiweka chini. "Na sisi je, Osmarina? Mimi ni mtu mzima. Nimezika mtoto wa dada yangu kwa sababu ya pipa, na leo nimekuja kuchoma pipa bila kulichungulia, eti kuna kiganja cha mtoto. Valdecir naye alimpenda dada yake akaacha kukagua. Tulimpa mtoto kazi ya roho za watu, tukaiita kusaidia nyumbani. Anayeshika moto ndiye wa kukagua. Sio mwingine."

Mchana ule Mama Osmarina alimwendea Abdias mlangoni kwake, Juci akiwa pembeni, na Juci akarudia kila neno mbele ya watu. Abdias alivua kofia. Jioni wasichana wa timu walijipanga mstari kutoka mtoni hadi juu, wakapokezana ndoo. Mjomba Josias aliliosha lile pipa mwenyewe, akalijaza, akazamisha mkono mpaka kiwiko kabla ya kuwasha chochote. Siku chache baadaye chelezo kilielea, kimenyooka, hakikuegemea upande wowote. Hakuna aliyeshangilia. Mama Osmarina alikitazama kidogo, kisha akapanda kwenda kusali.

Wiki iliyofuata alishuka tena gatini na wanawake wote wa kijiji, wakaketi ndani ya boti ya wagonjwa, wakakataa kuondoka mpaka tangi lijazwe na ufunguo wake ukabidhiwe kwao. Lilijazwa.

Sasa wewe. Pale mtaani kwenu kuna pipa linalongoja kukatwa liwe jiko, au boya, au tangi la maji. Kuna mtoto aliyeambiwa alioshe. Inuka uende. Muulize fundi kama amelijaza maji, na akikucheka, tazama ndani mwenyewe kabla cheche haijaruka. Na kama kuna kazi uliyosema umeimaliza na hujaimaliza, na mtu mwingine anaitegemea, funga kitabu hiki ukamwambie. Ukimaliza, waulize wazazi wako boti yenu ya wagonjwa, au gari lenu, lina mafuta leo au lina rangi tu. Uliza leo, na usiondoke mpaka wakujibu.