Lita Kumi na Moja Zilizopotea

Angeline Kathambi alikuwa na duka la sare za shule mjini Meru. Nyumba yake ilikuwa Kaaga, karibu na shule zenyewe. Kila baada ya wiki mbili alikwenda Embu, mtaa wa Majimbo, kuchukua sweta zilizofumwa na dada yake Sheila. Kwa miaka mingi alikwenda na pikapu yake kuukuu.

Mwaka wa 1997 kaka yake Gedion, aliyewahi kufanya kazi Uingereza na kurudi nyumbani na gari lake, alipata kazi nchi nyingine. Akamwachia Angeline gari hilo, naye akaiuza pikapu. Lilikuwa gari kubwa la kifahari, lenye safu tatu za viti vya ngozi. Majirani walikuja kulitazama. Watoto waliingia kwa mlango mmoja wakatokea kwa mwingine.

Gedion aliacha barua fupi. Alieleza kwamba gari linakunywa mafuta, kwamba lita moja ya petroli hulipeleka kilomita tano tu.

Angeline alijua kuendesha pikapu, lakini gari hilo lilimtia hofu. Akamwajiri Misheck, jirani yake, mtu mzima aliyekuwa ameendesha lori la majani chai kwa miaka kumi. Misheck alikuwa mpole. Aliosha gari kama mtu anavyomwogesha mtoto, na hakupenda redio.

Safari ya kwanza ya Embu walijaza tangi Meru, wakajaza tena walipofika Embu. Mhudumu wa pampu alisema zimeingia lita ishirini na saba. Angeline alitazama mita ya safari kwenye dashibodi, iliyohesabu umbali tangu Meru. Ilisema themanini na moja.

Usiku huo alipiga hesabu mezani. Themanini na moja ukigawa kwa tano, unapata lita kumi na sita na kidogo. Zingine kumi na moja zilikwenda wapi? Alirudia hesabu mara tatu. Safari ya pili ikawa vile vile, na ya tatu.

Alimwonyesha mumewe, Mwalimu Mithika. Mwalimu alikuwa akifundisha dini na hakupenda tarakimu, lakini jambo moja alilijua: madereva wengine hufyonza mafuta kwa mpira na kuyauza.

"Gari haliwezi kunywa maradufu ya alivyosema mwenyewe," alisema. "Muulize huyo mtu."

Angeline alimuuliza Misheck. Misheck alivua kofia.

"Mama Mwiti, mafuta sijagusa," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Hata mimi gari hili linanishangaza. Mshale wa mwendo unaonyesha naenda hamsini, lakini napita kila gari. Lori langu mita yake ilikufa zamani, kwa hivyo labda sijui kusoma hizi."

Jibu hilo halikumsaidia Angeline. Lilimchanganya zaidi. Mbona mtu anayeulizwa juu ya mafuta anajibu juu ya mwendo? Siku chache baadaye, sokoni, wanawake walimwambia kwamba mwizi wa mafuta huwa hana haraka ya kujitetea. Naye akajikuta akiwasimulia habari za Misheck, kwa jina. Jioni ile alimwomba funguo. Misheck aliziweka mezani, akaenda zake.

Wiki tatu zilipita. Sheila alituma habari kwamba sweta zimejaa nyumba. Angeline alijipa moyo, akajaza tangi mpaka juu, akaondoka peke yake. Aliendesha akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Aliteremka mabonde ya mito ya Mutonga na Nithi na kuyapanda tena, akapita Chuka. Hakusimama popote. Hakuna mtu aliyelikaribia gari lile.

Embu, kwenye pampu ile ile, aliomba lijazwe. Zikaingia lita ishirini na saba. Mita ilisema themanini na moja.

Angeline alishuka. Nani alikuwa amemwibia, ilhali alisafiri peke yake? Alilizunguka gari akitafuta tone chini. Palikuwa pakavu. Mhudumu alimuuliza kama ni mgonjwa.

Alipofika Majimbo alimweleza Sheila. Sheila hakuelewa chochote kuhusu magari, ila jirani yake, Veronicah Njeru, alikuwa fundi katika gereji moja mjini. Walimkuta akianika nguo. Veronicah alisikiliza hadithi yote bila kumkatiza Angeline.

"Kutoka Meru mpaka hapa ni kilomita ngapi?" aliuliza.

"Watu husema mia moja na thelathini."

"Na mita yako inasema themanini na moja. Hizo nyingine umeziacha wapi?"

Angeline alisema aliamini mita kuliko maneno ya watu. Veronicah akaenda kwenye gari, akaingia, akafuta vumbi la kioo cha dashibodi kwa kidole gumba. Akamwita. Chini ya tarakimu kulikuwa na neno dogo la Kiingereza, jeupe, karibu kufutika.

"Maili," alisema Veronicah. "Gari hili lilitengenezewa Uingereza. Kule wanahesabu maili. Maili moja ni kilomita moja na nusu na zaidi kidogo. Maili zako themanini na moja ni kilomita mia moja na thelathini. Sasa gawa kwa lita ulizoweka."

Angeline aligawa kwa kalamu mgongoni mwa risiti. Akapata karibu tano.

"Ni kama alivyosema Gedion," alisema polepole.

"Ndiyo. Hakuna aliyekuibia. Mafuta yameliwa na gari."

Kisha Veronicah akamfundisha. Njia ya kupima mafuta ni hiyo hiyo aliyotumia, kujaza, kwenda, na kujaza tena, mradi ajue mita inahesabu nini. Injini ni kubwa, na gari ni zito hata likiwa tupu. Keria ya kubebea mizigo paani inashika upepo, basi aitoe. Matairi mawili yalikuwa laini, na tairi laini huvuta gari nyuma. Kichungi cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi. Akikanyaga mafuta kwa nguvu mlimani analipa kwa kila kona.

"Hayo yatakupunguzia kidogo tu," alisema. "Matairi yake ni ghali, oili inaingia nyingi, na vipuri utavitafuta Nairobi. Lina viti saba. Huwa mnakuwa wangapi?"

"Mimi na dereva," alisema Angeline. Akavitazama viti vitupu vya nyuma.

Alirudi Meru siku hiyo hiyo. Hakwenda nyumbani kwanza. Alisimamisha gari mbele ya lango la Misheck, akamweleza kila kitu pale pale, maili, kilomita, na lita zisizopotea. Akamwomba msamaha. Misheck alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nimeanza kujishuku mwenyewe," alisema. "Nikawa najiuliza kama niliacha kifuniko cha tangi wazi. Mimi nimekusamehe, Mama Mwiti. Lakini mwambie mke wangu, Lydiah. Tangu habari ifike sokoni hatujaongea vizuri."

Lydiah alikuwa shambani akipalilia maharagwe. Angeline aliteremka kwa viatu vyake vya mjini, akamwambia yote upya. Lydiah aliegemea jembe.

"Kesho uwaambie wale wa sokoni pia," alisema.

Angeline aliwaambia, mmoja mmoja, na haikuwa kazi rahisi.

Misheck alirudi kazini. Waliitoa keria, wakajaza matairi upepo, wakabadilisha kichungi. Lita ishirini na saba zikawa ishirini na nne. Bado zilikuwa nyingi kwa watu wawili na magunia ya sweta. Angeline alimwandikia kaka yake, naye akajibu kwamba zawadi isiwe mzigo. Gari likauzwa kwa mtu wa Isiolo aliyebeba watalii, ambaye alijaza viti vyote saba kila safari.

Walinunua gari dogo lenye boneti fupi na nafasi nyuma ya kutosha sweta. Mita yake ilikuwa ya kilomita; Angeline aliisoma mara mbili kabla ya kulipa. Lita kumi na moja zilimfikisha Embu. Safari ya kwanza Lydiah alikuwa na shughuli huko. Alikaa kiti cha mbele karibu na mumewe, na Angeline akakaa nyuma.