Ubao Ulioitika

Gaudenzio Ferrabini aligonga ubao mara moja, nao ukaitika mara mbili.

Alidhani ni mwangwi. Akaushika tena pembeni kwa ncha za vidole, akausogeza sikioni, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ndivyo wanavyofanya wachonga fidla wote hapa mjini Cremona; hata ukiwakaribisha chakula watakugongea meza kwanza. Ngo. Kisha, kutoka ndani ya mti: ngo, ngo.

"Mti una sauti huu!" akasema, uso umemng'aa. Mpumbavu wa watu. Namwita hivyo kwa uchungu tu, maana hatukuwa na jirani mwema kuliko yeye.

Ubao ulikuwa kipande cha mlango wa msonobari, umeletwa na shemeji yake Tolomeo, mwenye mkokoteni wa nyumbu.

"Umeutoa wapi, shemeji?"

"Kule nje ya ukuta wa mji, wanabomoa lile jengo la wagonjwa wa tauni. Usinitolee macho! Tauni yenyewe ilikwisha babu zetu wakiwa watoto."

"Ni mlango wa chumba gani?"

"Cha wale wasiotarajiwa kupona. Sasa wewe unataka mti mkavu, au unataka mti wenye ukoo mzuri?"

Wakacheka. Mchonga fidla na mti mkavu ni paka na samaki; Gaudenzio hakuuliza tena. Akaupasua, akaupiga randa, akauchonga mpaka ukawa uso wa fidla, na kila alipopunguza unene kidogo aliugonga, asikilize umefikia wapi. Kila alipogonga, ulimjibu. Binti yake Oliva alikuwa akikaa chini ya meza ya kazi, akiimba na kuchezea maranda. Ndiye mtoto pekee aliyewabakia yeye na mkewe Domitilla. Wengine wote wamelala makaburini. Walimlinda kama mboni ya jicho.

Siku Gaudenzio alipoufunga mwili wa fidla kwa gundi, Oliva aliacha kuimba.

Kwanza ilikuja harufu. Siki, na moshi wa majani machungu, ingawa jikoni hakukuwa na kitu kilichochomwa. Domitilla alifua mapazia, akasugua sakafu, harufu ikazidi. Kisha mtoto akaanza kupoa. Hakuwa na homa wala kikohozi, ila baridi tu, iliyoanzia vidoleni ikapanda hadi viwikoni, na ugali aliopenda akawa anausukuma kando. Adhuhuri moja, ukungu wa mto umeziba madirisha hata ikabidi taa ziwashwe mchana, Domitilla alimkuta amelala kitandani, macho wazi, anaugonga ubao wa kitanda kwa ngumi. Taratibu, bila kupumzika. Na chini, karakanani, ambako hakukuwa na mtu, kitu kilikuwa kinagonga pamoja naye.

"Baba Oliva," alinong'ona mlangoni, "ile fidla yako inagonga."

"Najua."

"Tangu lini unajua?"

Gaudenzio akavuta koti lake. Akaenda kumwita Bibi Fermina, mwanamke anayeondoa husuda na mashetani kwa kuchora msalaba kwa kidole gumba, akamweleza na ubao ulikotoka. Bibi akadondosha mafuta katika sahani ya maji. Mafuta yakakimbilia ukingoni yote, kama yanayotafuta pa kutokea. Akaisukuma sahani mbali.

"Nani aliyeanza kugonga?"

"Mimi, Bibi. Ndiyo kazi yangu."

"Uligonga kutoka nje." Alisema polepole, kwa sauti ya chini. "Wale wa tauni walifungiwa mle wakiwa hai, mwanangu. Walipiga hodi kwenye mlango huo mpaka mikono ikachubuka, na hakuna aliyewaitikia, wakafa wakipiga hodi. Leo, baada ya miaka yote hiyo, mtu amegonga upande wa pili. Wamejua kuna mtu. Unategemea wanyamaze?"

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Namfuata padre, tutaizika fidla kabla jua halijazama, ikiwa imefungwa vilevile. Wakisema lolote, Gaudenzio, lolote lile, usiifungue."

Akatoka, ukungu ukammeza. Domitilla akapanda juu kumkumbatia mtoto. Gaudenzio akabaki karakanani na fidla mezani, isiyopakwa rangi bado, nyeupe kama mkate mbichi, na kugonga kumekoma.

"Baba."

Sauti ilitoka katika matundu ya fidla. Ilikuwa sauti ya Oliva.

"Baba, huku kuna giza."

"Domitilla!" aliita. "Oliva anaongea huko juu?"

"Haongei! Amenyamaza kabisa, hata nikimwita hageuzi macho, Baba Oliva, njoo, naogopa!"

"Baba, wananikanyaga," ilisema fidla, na sasa ikalia, kilio kile kile cha Oliva cha kukatakata pumzi, kile ambacho Gaudenzio alikuwa akikisikia toka mtoto akinyonya na hakuwahi hata mara moja kukiacha kiendelee bila kuinuka, naye akaziba masikio na kusema Bibi amekataza, Bibi amekataza, huku miguu inampeleka mezani na mkono unatafuta kile kisu chembamba, maana gundi ya kazi hiyo hupikwa iwe dhaifu makusudi ili fidla ikiugua ifunguliwe bila kuvunjika, na yeye maisha yake yote, fidla ikimlilia, alikuwa anaifungua.

Akapitisha kisu pembeni. Gundi ikaachia kwa mlio mdogo. Pumzi ya siki ikamgonga uso, ikampita, ikapanda ngazi.

Kilio kikakatika.

"Amekaa!" Domitilla alipiga kelele juu. "Gaudenzio, amekaa, anataka kula!"

Gaudenzio alilia na kucheka kwa pamoja. Akaukamata ule uso wa msonobari kwa hasira, akautupa jikoni motoni. Ulishika mara moja, kwa ukavu wake. Ndani ya ndimi za moto kitu kiligonga, kidogo sana, mara moja, naye akadhani ni utomvu unapasuka, akakimbilia juu.

Oliva alikuwa anakula ugali kwa mikono miwili, anajaza mashavu, hamezi vizuri kabla hajashindilia mwingine. Mama yake alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani.

"Oliva?" Gaudenzio aliita.

Mtoto aliinua macho. Zilitoka sauti nyingi, za wazee na wanawake, zimekwaruzika kwa kiu.

"Ahsante, bwana. Tulichoka kusimama."

"Mwanangu yuko wapi?" aliuliza Domitilla. "Semeni! Yuko wapi?"

"Tulipokuwa sisi. Tumepishana mlangoni." Kile kilichokuwa Oliva kikalamba vidole. "Naye mfungulieni, basi. Mnafungua vizuri."

Bibi Fermina alipofika na padre alimkuta Gaudenzio amepiga magoti mbele ya jiko, viganja vimeungua mpaka nyama inaonekana. Alikuwa ameyakusanya majivu sakafuni. Anayagonga kwa kifundo cha kidole, anainama, anatega sikio, kisha anagonga tena.